Pawabenki inayotoa mbio, kupokea kwa kinyongo

Boksi limeandikwa "wati 22.5" kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. Muuzaji pale Kariakoo akanihakikishia, "Kaka, hii ni moto." Nikalipa.

Na kweli, simu inajaa haraka. Ila hakuna aliyeniambia kwamba hizo wati 22.5 ni za kutoa tu. Za kupokea zimefichwa mgongoni, kwa maandishi ya kusomwa na sisimizi: volti 5, ampea 2. Yaani wati 10!

Piga hesabu. Miliampea-saa 20,000 za pawabenki hii, kwa betri ya volti 3.7, ni kama wati-saa 74. Gawa kwa 10: zaidi ya saa saba, na hapo hujatoa umeme unaopotea kama joto. Weka tisa. Jana umeme ulirudi saa nne usiku, saa sita ukaondoka. Kitaa kimoja cha pawabenki kati ya vinne kikawaka, cha pili kinapepesa kama mlinzi wa zamu ya alfajiri.

Mwenye umeme usiku kucha hana neno, anachomeka analala. Sisi wa umeme wa kuvizia, kasi ya kuingiza ndiyo pawabenki yenyewe. Kutoa taratibu navumilia: simu mfukoni, waya unaning'inia, nimebanwa ndani ya mwendokasi, itajaa tu.

Nimerudi kulalamika, naambiwa chaja yangu ndogo. Nikaazima ya shemeji, ya kompyuta, wati 65.

Bado 10.