Utakatifu wa Nyerere na kinyongo cha kahawa

Mjadala wa kumtangaza Julius Nyerere mtakatifu ukianza Moshi, haukawii kufika kwenye kahawa. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro cha tangu 1933, kilivunjwa 1976 pamoja na vyama vikuu vyote vya ushirika nchini. Mkulima wa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lililozunguka nyumba, aliyezoea kuwabana viongozi aliowachagua mwenyewe akabaki na mamlaka ya zao inayopokea maagizo kutoka juu. Shule za misheni nazo zilikuwa zimekwisha kutaifishwa. Huyu ndiye awe kielelezo cha haki jamii?

Hoja hiyo ina mizizi ndani ya Kanisa lenyewe. Papa Pius XI aliieleza kanuni ya auni mwaka 1931: kazi inayowezekana kufanywa na chombo kidogo, chombo kikubwa kisiipore. Ushirika wa wakulima ni mfano wake mzuri kabisa. Tena ujamaa vijijini ulioanza kwa hiari uligeuzwa amri Novemba 1973, na kuna waliohamishwa kwa nguvu. (Vihamba vya mlimani havikuguswa sana, katika hilo watu wa huku wanalia kilio cha wenzao.)

Ila mchakato wa kumtangaza mtu mtakatifu hautoi alama kwa sera. Unachunguza kama mtu aliishi fadhila kwa kiwango cha kishujaa. Robert Schuman, mwanasiasa wa Ufaransa, alifikia ngazi ya Mheshimiwa, ile ya kuthibitishwa fadhila, mwaka 2021 (jina ambalo kwetu wabunge wamelimaliza), na Kanisa halikuwa limebariki kila uamuzi wake serikalini.

Ukizitafuta fadhila hizo kwa Nyerere, soma kwanza masharti ya uongozi katika Azimio la Arusha la 1967. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Hilo la mwisho ndilo lililouma, kwa sababu kwa mtumishi wa umma vyumba vya kupangisha ndiyo pensheni ya kweli: unanunua kiwanja, unapandisha tofali kidogo kidogo, uzeeni unakula kodi. Na mlango wa nyuma ulizibwa, maana sharti lilimfunga mume au mke wa kiongozi pia. Ni kiongozi gani leo, Mkatoliki au asiye Mkatoliki, angelitia saini? Mwaka 1991 kule Zanzibar chama tawala, CCM, kiliyalegeza masharti hayo, na Nyerere alikuwa ameng'atuka uenyekiti mwaka uliotangulia.

Jambo la pili wakosoaji wa Moshi hulitaja mara chache. Mwaka 1984, akiwa bado Ikulu, alikiri kwamba kama angeanza upya asingevunja vyama vya ushirika wala serikali za mitaa. Ushirika ulirudi, KNCU ikiwamo. Mkuu wa nchi anayetaja kosa lake kwa jina, madaraka yakiwa bado mkononi, hapatikani kila siku.

Kinyongo cha kahawa kina nafasi yake rasmi. Tangu 2005 Nyerere ni Mtumishi wa Mungu, ngazi ya kwanza, na mchakato uko chini ya Jimbo la Musoma. Sheria ya Kanisa inataka hata mashahidi wanaopinga wasikilizwe kwa kiapo, na maandishi yote yakusanywe, ya kusifu na ya kulaumu. Mzee mwenye vitabu vya mauzo vya 1975 na vya 1978 ana ushahidi mzito kuliko maneno ya baada ya misa. Fadhila zikithibitishwa, utahitajika muujiza mmoja ili awe Mwenyeheri, na mwingine utakaotokea baada ya hapo ili awe Mtakatifu.