Anayekuomba Fedha Akuchapishie Riwaya Si Mchapishaji

Wiki iliyopita dada mmoja anayefundisha shule ya msingi katika mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi nchini Kongo, alinitumia hati ya PDF kwa WhatsApp, ikifuatwa na ujumbe wa sauti uliojaa furaha: "Yaya, wameikubali!" ("Yaya" kwetu ni kaka au dada mkubwa.) Kilichokubaliwa ni riwaya yake ya kwanza, aliyoiandika usiku kwenye madaftari ya shule, umeme ukiwapo na usipokuwapo, kisha akaipiga chapa kwenye simu sura baada ya sura. Hati yenyewe ilikuwa mkataba kutoka nyumba moja inayojiita ya uchapishaji, huko Ulaya. Ukurasa wa kwanza unamsifu kwa maneno matamu. Ukurasa wa sita unasema mwandishi atachangia euro 1,900 kwa ajili ya "maandalizi ya kitabu". Unaofuata unamtaka anunue nakala 50 za kitabu chake mwenyewe kwa bei iliyopunguzwa, na mwishoni, kwa herufi ndogo kuliko nyingine zote, anaikabidhi nyumba hiyo haki zote za riwaya, kwa lugha zote na kwa njia zote, kwa muda wote ambao sheria inailinda kazi ya mwandishi.

Nimeisoma hati hiyo mara nyingi na hasira haijaniisha. Naandika makala hii kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana wote wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ambao najua wanapokea barua za namna hiyo, kwa sababu furaha niliyoisikia katika sauti yake ilikuwa ya kweli, na watu walioiamsha wanafahamu vizuri sana wanachokifanya.

Mchapishaji ni mtu anayeweka fedha yake katika kazi ya mwingine kwa kuamini kwamba wasomaji watairudisha. Akikosea, hasara ni yake. Kwa hiyo atamtafuta mhariri, atapeleka nakala kwa waandishi wa habari, atabisha hodi kwenye maduka ya vitabu na kuwaomba walimu waisome, kwani bila msomaji hapati kitu. Sasa mtazame huyu anayedai euro 1,900 kabla ya kuchapa ukurasa mmoja. Faida yake imeingia siku ile ile mwandishi alipotuma fedha. Kitabu kisiposomwa na mtu hata mmoja, yeye hajapoteza lolote, na ndiyo maana hatakitangaza, hatakisahihisha, wala hatajisumbua kujua kama kuna duka la vitabu katika mji wa mwandishi. Biashara yake ni kuuza matumaini kwa waandishi, na wateja wake ni sisi.

Zamani kulikuwa na kisingizio. Kuchapa vitabu kwa ofseti kulihitaji mtaji, kwa sababu nakala 1,000 zilipaswa kuchapwa kwa mkupuo mmoja ndipo bei ya kila nakala ishuke, na aliyekuwa na fedha kidogo aliweza kudai kwa haki kidogo kwamba mwandishi abebe sehemu ya mzigo. Leo kisingizio hicho kimekufa. Mashine za kuchapa kwa oda hutoa nakala moja tu pale msomaji mmoja anapoilipia, hakuna ghala la kukodi, hakuna marundo ya vitabu visivyouzwa. Ni nani atakayetueleza hizo euro 1,900 zinaandaa nini?

Wala si mimi peke yangu ninayesema kwamba huo si uchapishaji. Sheria ya Ufaransa, nchi ambayo vijana wetu wanaiheshimu kupita kiasi katika mambo ya vitabu, inasema hivyo katika kifungu L132-2 cha Sheria ya Miliki ya Kiakili: mkataba wa "compte d'auteur", yaani ule ambao mwandishi anamlipa mtu amtengenezee kitabu, si mkataba wa uchapishaji bali ni mkataba wa kumpa mtu kazi kwa malipo. Someni hapo polepole. Ukimlipa fundi seremala akutengenezee meza, meza ni yako, na fundi akikuambia kwamba baada ya malipo meza itabaki kwake hadi miaka mingi baada ya kifo chako, utaita majirani. Lakini katika hadithi tunakubali. Tunalipa gharama za kazi, kisha tunaondoka bila kazi yenyewe.

Najua jibu nitakalopewa, kwa maana nimelisikia mara nyingi katika mazungumzo ya waandishi hapa mjini: hata Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, alichapishwa Paris. Ni kweli. Riwaya yake ya Tram 83 ilitoka mwaka 2014 kwa Métailié, nyumba inayowachagua waandishi wake na kuwachapisha kwa gharama yake yenyewe. Mfano huo unanisaidia mimi. Mlango wa nyumba za kweli ni mwembamba, majibu yake huchelewa na mara nyingi ni hapana, lakini anayeupita haombwi kulipa kiingilio. Kwa anayeandika Kiswahili kuna pia tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, yenye jumla ya dola 15,000, inayopokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Haikuwekwa kwa ajili ya Watanzania na Wakenya peke yao. Sioni kwa nini miswada ya kwetu Katanga isiwe mezani.

Nakiri pia, ingawa si kwa furaha, kwamba kuna malipo ya haki. Mwenye mtambo wa kuchapa anayekuambia "nipe faili, nipe fedha, chukua nakala zako" ni mtu mwaminifu, kwa kuwa hakuchukulii haki zako wala hajiiti kwa jina lisilo lake. Mhariri anayelipwa kwa kila ukurasa ni mwaminifu pia, na kama dada yangu wa Katuba ana akiba yoyote, hapo ndipo pa kuiweka. Riwaya yake ina sura mbili za katikati zinazosimama kama gari lisilo na mafuta, na mwalimu mzuri wa lugha mwenye kalamu nyekundu angemsaidia kuliko sifa zote za ukurasa wa kwanza wa ule mkataba.

Wengine wananitajia Amazon. Tangu mwaka 2007 kampuni hiyo inamruhusu mtu yeyote kujichapishia kitabu cha kielektroniki bila kulipa chochote, na haki zinabaki kwa mwandishi, jambo ambalo tayari linaishinda ile nyumba ya Ulaya. Hata hivyo tupige hesabu tukiwa tumekaa hapa. Gawio la mwandishi la asilimia 70 linatolewa kwa vitabu vya bei ya dola 2.99 hadi 9.99 vinavyouzwa katika nchi zilizoorodheshwa, na Kongo haimo. Msomaji wa hapa akinunua kitabu cha dola 2.99, mwandishi anabaki na asilimia 35, yaani dola moja na senti chache. Na huyo msomaji lazima awe na kadi inayokubalika mtandaoni, wakati sisi wengi fedha zetu ziko ndani ya simu. Mauzo ya Marekani nayo yanakatwa kodi ya asilimia 30, kwa kuwa nchi yetu haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Mimi ningeiweka riwaya huko kwa ajili ya ndugu zetu walioko Brussels na kwingineko, huku nikijihadhari na mpango wa Amazon hiyo hiyo uitwao KDP Select, unaomfunga mwandishi kwa siku 90 asisambaze toleo la kielektroniki mahali pengine popote. Wattpad, mtandao wa kuandika na kusoma hadithi, ni shule nzuri ya kujizoeza, na sina zaidi la kusema juu yake.

Lakini msomaji wa kwanza wa riwaya inayotokea Katuba yuko Katuba. Yuko Ruashi, yuko Kamalondo, yuko kwenye gari la abiria linalorudi kutoka Kasumbalesa, na mkononi ana simu. Hapa mjini yuko mwandishi mmoja, mama wa watoto, ambaye nimekuwa nikimfuata kwa muda. Kila Ijumaa jioni anatuma sura moja katika kundi lake la WhatsApp. Sura za mwanzo anazitoa bure, na pale hadithi inapofika mahali ambapo mtu hawezi kulala bila kujua yatakayotokea, anaandika "itaendelea" na namba ya M-Pesa. Anayelipa kiasi kidogo anaingizwa katika kundi la pili, ambako hadithi inasonga mbele. Hatumi PDF. Anaandika maneno matupu ndani ya ujumbe, kwa sababu sura ya maneno 2,000 haizidi kilobaiti 20, na msomaji aliyebakiwa na mega chache anaipata bila wasiwasi. Kundi moja la WhatsApp linapokea hadi watu 1,024. Likijaa atafungua jingine.

Jumamosi asubuhi majibu yanaanza kumiminika, mengi yao kwa sauti. Mtu anamlaumu mhusika kwa kumwacha mkewe, mwingine anauliza kwa nini mzee wa mgodini amesahaulika tangu sura ya nne. Binti mmoja aliandika kwamba humsomea mama yake, muuza mawese katika soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, wateja wanapopungua, na kwamba wauzaji wa jirani nao husogeza vigoda. Sijawahi kuona mwandishi mchanga wa kwetu akisomwa namna hiyo, na hakumlipa mtu yeyote ili asomwe. Niambieni ni nyumba gani ya Ulaya itakayokifikisha kitabu cha euro 19 kwenye kile kibanda cha mawese.

Wizi upo, sikatai. Sura inasambazwa kwa bonyezo moja, na mara nyingine jina la mwandishi linafutwa njiani. Sheria-Amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mwandishi katika nchi hii, nayo inafaa kusomwa, ingawa sitamdanganya mtu kwamba njia ya mahakama ni fupi. Mama huyu ameweka jina lake mwanzoni na mwishoni mwa kila sura, na anatunza miswada yake yenye tarehe. Wanaomlipa wanamlipa kwa sababu wanataka sura ya Ijumaa ijayo, ambayo mwizi hana.

Udhaifu unaonisumbua zaidi ni mwingine. Simu huanguka majini, huibwa, hufa, na hadithi hufa nayo. Mji huu una mfano ambao kila mwandishi wetu angepaswa kuujua. Mwaka 1965, watu waliokuwa watumishi wa nyumbani katika nyumba za Wazungu walitoa historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa Kiswahili cha mji huu, kwa kalamu ya André Yav, wakaipiga chapa na kuirudufu wenyewe. Hawakusubiri ruhusa ya mchapishaji wala hawakubadili Kiswahili chao ili kimpendeze mtu. Leo wengi wetu tunaifahamu kazi hiyo kwa sababu tu mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliitoa tena mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Namshukuru kwa moyo wote. Lakini inaniuma kwamba kumbukumbu ya baba zetu ilihitaji kupita Ulaya ndipo iturudie.

Kwa hiyo, hadithi ikimalizika kwenye simu, ichapwe hapa hapa. Vibanda vya fotokopi vinavyowahudumia wanafunzi wa chuo kikuu vinaweza kutoa kijitabu cha kurasa 64 kwa karatasi 16 tu za A4, zikichapwa pande zote mbili, zikikunjwa katikati na kubanwa pini mbili mgongoni. Nimekishika kijitabu cha yule mama: jalada ni la karatasi ngumu ya kijani, ukurasa wa 31 umepinda kidogo, na nyuma kuna nafasi ya msomaji kuandika jina lake kwa kuwa kitaazimwa. Wasomaji wa kundi walikilipia kabla hakijachapwa, na idadi ya waliolipa ndiyo iliyoamua idadi ya nakala. Nakala mbili tatu zipelekwe maktaba ya chuo kikuu na Maktaba ya Taifa huko Kinshasa, zikae mahali ambapo hazitegemei betri.

Dada wa Katuba hajatia sahihi. Ameniuliza awajibu nini, nami nimemshauri aandike mistari miwili: kwamba anawashukuru, na kwamba halipi ili achapishwe. Najua wako wengine ambao wamekwisha kutia sahihi na wananisoma kwa uchungu. Kama ulisaini na nyumba ya Ufaransa mkataba wa uchapishaji wa kweli, usio wa kulipia, na kitabu chako hakipatikani tena, soma kifungu L132-17 cha sheria ile ile: toleo linahesabiwa kuwa limekwisha iwapo oda mbili zilizotumwa kwa mchapishaji hazikutimizwa ndani ya miezi mitatu, na hapo una haki ya kumpa muda wa kuchapa upya, akishindwa mkataba unavunjika na riwaya inarudi kwako. Oda hizo mbili zinaweza kutumwa na ndugu zako wowote walioko Ulaya. Waombe waagize wiki hii, na kila mmoja atunze ujumbe alioutuma ukiwa na tarehe yake.