Ndugu Activate Windows hajatoa mchango

Hii ilinikuta 2021, na mpaka leo kwenye ukoo wetu kuna watu hawaniiti tena jina langu nililopewa na baba, subirini mtajua kwa nini.

Laptop niliipata Kariakoo, Dell Latitude ya mtumba, laki nne na nusu baada ya kubishana mpaka muuzaji akaniuliza kama nimekula. Fundi wa hapohapo alishaipiga Windows 10 Pro, akaniambia hiyo original kabisa bro, usiwe na wasi. Yaani siku ile nilikagua betri, nikakagua kioo, nikabonyeza kitufe kimoja kimoja cha kibodi kama mwalimu wa muziki, ila kwenye Windows nikatosheka na neno original la mtu ambaye hata risiti hakunipa.

Sasa mjue mimi ni mtu wa usiri sana. Laptop ilipofika tu nyumbani kamera nikaibandika plasta, ile ya kidonda ya kahawia, maana selotepu nilisikia inapitisha mwanga. Akaunti ya Microsoft sikufungua, nikajiandikisha humo ndani kwa jina la Mpangaji. Vile vitufe vya mwanzo vinavyouliza tujue ulipo, tusikie sauti yako, tukuletee matangazo yanayokufaa, vyote nikazima, hadi kile cha kutafuta kompyuta ikipotea, bora ipotee kuliko wajue naishi Tabata. Na kijiweni nilikuwa mhubiri. Watu wanakula chipsi mayai mimi nawaeleza kwamba Ufaransa mwaka 2016 tume yao ya faragha, CNIL, iliwapa Microsoft miezi 3 wapunguze kukusanya data za watumiaji wa Windows 10, na mwaka uliofuata Waholanzi nao wakasema inavunja sheria yao. Mtu anameza mshikaki ananiangalia. Apdeti nazo nilizima, sababu ya kwanza usiri, sababu ya pili na ndo ya kweli ni bando.

Basi mdogo wangu wa kike akachumbiwa. Kamati ikaundwa, mimi kwa kuwa ndo "mtu wa kompyuta" nikapewa slaidi za send-off, picha kuanzia ana siku tatu hadi siku ya kuvishwa pete. Nikakusanya picha za ukoo mzima, nyingine nimezipiga kwa simu kutoka kwenye albamu zile za plastiki zinazonata. Kazi nzuri, najisifia mwenyewe, ilinitoa jasho.

Kikao cha kamati cha wiki mbili kabla ya shughuli nikaambiwa niwaonyeshe. Projekta ikawashwa ukutani sebuleni kwa mama mkubwa, picha ya kwanza ikatokea, mtoto kwenye beseni, watu wakapiga vigelegele. Halafu kule chini kulia, juu ya ukingo wa beseni, pana maandishi ya kijivu, Activate Windows. Nikajifanya sijaona. Picha ya pili yapo. Ya kipaimara yapo, yamekaa begani kwa askofu. Ya mahafali yapo.

Mama mkubwa akavaa miwani. "We mwanangu, huyo Activate ni nani mbona yuko kila picha?"

Kabla sijajibu baba mdogo, ambaye ndo mweka hazina, karani mstaafu, mtu ambaye hata soda anaiandikia risiti, akafungua kaunta buku lake. Akapitisha kidole ukurasa wa kwanza. Wa pili. Akainua kichwa.

"Huyu hayupo. Activate Windows hajachanga hata shilingi, na jina lake limewekwa kwenye picha zote?"

"Sio mtu baba mdogo, ni..."

"Ni wa upande wa mwanaume?"

Mwenyekiti akasema kama ni mdhamini basi awekewe kiwango, wadhamini wasipungue laki tano. Nikajaribu kueleza kwamba ni kompyuta inadai leseni, ila kueleza leseni kwa watu walioshiba pilau ni kazi, baba mdogo akaandika kitu kwenye lile buku kwa kalamu nyekundu akalifunga. Sikufuatilia kaandika nini. Kosa langu lingine hilo.

Kilichokuwa kimetokea nilikuja kukijua baadaye. Kuna mfumo wa leseni wa maofisi, unaitwa KMS, kampuni inaweka seva yake pale ofisini na kompyuta zote zinathibitishwa kwa hiyo seva, hazisumbuliwi moja moja. Ila lazima zirudi kuripoti, kompyuta ikikaa siku 180 haijaiona seva ruhusa inakwisha. Fundi wangu aliidanganya laptop kwamba imeajiriwa. Ikakaa Tabata miezi sita inasubiri kuitwa ofisini, haioni bosi, haioni mshahara, ikaanza kuuliza maswali mbele ya kamati.

Fundi simu hapokei. Nikatafuta bei ya halali, Windows 10 Pro dola 199.99, kwa pesa yetu ya wakati ule ni kama laki nne na sitini. Nikairudia hesabu. Windows ina bei kuliko kompyuta iliyoibeba! Ni kama kuambiwa kofia ni elfu kumi na kichwa elfu nane.

Basi usiku nikaingia mtandaoni kutafuta aktiveta, yaani programu ya kuidanganya Windows ijione imelipiwa. Nikaipata, kwenye ukurasa wenye vitufe vitano vya kijani vyote vimeandikwa pakua na vinne kati yake vinakupeleka kwenye kubeti. Faili limefungwa kwa paswedi, 1234, nikaona hawa jamaa wako makini na usalama, kumbe wanalifunga ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani. Na maelekezo yao mstari wa kwanza: zima antivairasi. Mstari wa pili: ikilalamika, puuza.

Mimi wa plasta kwenye kamera. Mimi wa CNIL. Nikazima.

Nikabonyeza, ikaniuliza kama naipa ruhusa ya msimamizi, nikaipa kwa moyo mweupe. Kimya. Halafu likaja dirisha la Windows Update, linaonyesha asilimia zinapanda taratibu, tafadhali subiri. Aisee nilifurahi! Nikamwita mke wangu aje aone, nikamwambia unaona sasa, imekuwa halali mpaka Microsoft wenyewe wanaileta apdeti. Mke wangu akauliza, "Si ulisema apdeti ulizima?" Nikamwambia mambo haya ya kiufundi ni marefu, nenda kalale. Feni ya laptop inalia kama bajaji inapanda mlima, mimi nimekaa pembeni nakunywa chai, naisubiri imalize.

Dirisha lile halikuwa la Windows. Ni pazia. Nyuma ya pazia kirusi kinapita faili moja baada ya jingine kinafunga kufuli, na mimi ndo nimekiwekea zamu ya usiku na kukipikia chai.

Asubuhi maandishi ya Activate Windows yapo vilevile, palepale kulia. Hata hiyo kazi waliyoahidi hawakuifanya! Ila picha hazifunguki. Kila faili limeongezewa mkia wa herufi nne zisizosomeka kwa lugha yoyote, na kila folda imewekewa barua. Barua yenyewe ina adabu sana. Inaanza kwa kunituliza, usiwe na wasiwasi, mafaili yako yote utarudishiwa. Bei dola 980, ila ukiwasiliana nasi ndani ya saa 72 kuna punguzo la asilimia 50, unalipa dola 490. Tunakufungulia faili moja bure kama ushahidi, mradi lisiwe na kitu cha thamani. Na kama hatujajibu ndani ya saa 6, tafadhali angalia kwenye folda ya spamu. Nilikaa nikaisoma mara mbili. Majambazi wana ofa, wana sampuli ya bure, wana huduma kwa wateja, na fundi niliyemlipa hapokei simu.

490 ni kama milioni moja na laki moja na kitu. Nikafanya kinachofanywa na mtu yeyote aliyekulia Dar, nikapunguza bei. Nikawaandikia kwa Kiingereza cha kuunga unga, kaka zangu, hii ni send-off ya dada, sisi ni maskini, nina dola 20, fungueni hata picha za utotoni tu. Jibu likaja kweli, ni ileile barua ya mwanzo, hawajabadilisha hata koma. Nikapandisha 25. Kimya. Nikaangalia spamu kama walivyoshauri. Kimya.

Ikabidi niitoe aibu yangu nje, nikampigia kijana mmoja wa chuo, mtoto wa jirani, anasoma mambo ya kompyuta. Akaja, akaiona plasta kwenye kamera, akaniangalia, hakusema kitu. Nashukuru hakusema kitu. Akafungua ile barua akaenda moja kwa moja mwishoni kwenye namba ya utambulisho. Akanieleza kwamba kirusi hiki ni ukoo wa STOP, unaitwa pia Djvu, kinapenda watu wa kraki, wanaotumia programu bila kulipia, kama mimi, na kuna programu ya bure ya Emsisoft, kampuni ya antivairasi, tangu 2019 inayofungua baadhi ya mafaili yake. Namba ikiishia na t1 kuna matumaini, maana yake kirusi hakikupata intaneti ya kuongea na wenyewe kikatumia ufunguo wa akiba, wa watu wengi.

"Yako haiishii na t1, kaka. Intaneti ilikuwepo?"

Ilikuwepo. Nilikuwa nimejiunga GB 10 kwa ajili ya shughuli hiyo hiyo.

Ila dogo ana akili. Akasema kirusi hiki kina haraka, hakifungi faili zima, kinaharibu kama kilobaiti 150 za mwanzo kinakimbilia jingine. Kwa hiyo faili kubwa la zip, lile linalobeba mafaili mengi kwa pamoja, linaumia kichwani tu, vilivyomo nyuma vinatoka. Nami nilikuwa na zip moja kubwa aliyonitumia shangazi wa Mwanza, picha 63. Akaifungua kwa 7-Zip, programu ya kufungulia zip. Zikatoka 62! Nikataka kumbusu. Iliyopotea ni moja tu, ya kwanza kwenye orodha, na ilikuwa ni mama mkubwa amembeba mtoto siku ya ubatizo, amevaa gauni lake la kitenge aliloshonesha Mombasa, picha ambayo kikao kizima aliulizia itakaa sekunde ngapi. Hajanisamehe.

Zilizobaki nikapita kwa ndugu mmoja mmoja WhatsApp nikiomba upya, huku nikisingizia kwamba diski imekufa. Uongo wangu uliishi siku mbili. Maana kirusi hakikuja peke yake, kilikuja na mwenzake anayekusanya paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza, na siku ya tatu shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, hiyo biashara ya bitikoini unayonialika Facebook, unaweka elfu hamsini unatoa laki tano baada ya saa mbili, ni ya kweli?"

"Shikamoo shangazi. Sio mimi."

"Marahaba. Mbona ni sura yako?"

Ukoo mzima ulikuwa umeshatumiwa. Miaka yote namficha Microsoft nisimwambie naishi wapi, na mtu nisiyemjua hata bara analoishi anaongea na shangazi zangu kwa jina langu, tena anawajulia hali kuliko mimi. Nikakaa na simu ya mke wangu nabadilisha paswedi moja moja hadi saa tisa usiku, na mke wangu kakaa pembeni anauliza kwa upole, ile apdeti ilifika asilimia ngapi.

Laptop dogo aliifuta yote akapiga Ubuntu, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kutoka kwenye fleshi, hakuna ufunguo, hakuna leseni ya kununua, hakuna kumdanganya mtu kwamba umeajiriwa. Fonti za slaidi zilivurugika kidogo, jina la bibi harusi likakatika mistari miwili, ila zikatembea.

Siku ya send-off, ukumbi Sinza, watu wamependeza, slaidi zikaanza. Kona ya kulia chini, safi, peupe! Nikashusha pumzi ambayo niliibana wiki mbili. Mama mkubwa alinigeukia mara moja pale kwenye ubatizo, basi. Nikasema imeisha.

Ukafika muda wa zawadi. MC anaita kwa makundi, wajomba wakaja na kitanda, kikundi cha mama wakaja na friji wanacheza, DJ anapandisha mziki. MC kashika karatasi iliyonakiliwa kutoka kwenye kaunta buku la baba mdogo.

"Sasa ndugu zangu nina jina hapa, limepigiwa mstari mwekundu, naambiwa huyu ameahidi na hajatimiza. Naomba nimwite Ndugu Activate Windows na familia yake waje mbele! DJ, wape mziki!"

Mziki ukapigwa. Hakuna aliyesimama. Watu wanageuka huku na huku wanamtafuta, upande wa mwanaume wanadhani ni wa kwetu na sisi wa kwetu wanajifanya ni wa kwao. MC akarudia, safari hii kwa sauti ya kumwonea huruma, kwamba kama mfuko umebana ukoo utaelewa. Nikamwangalia baba mdogo meza ya kamati, kashika kalamu, ananitazama mimi tu.

Mke wangu akaniwekea bahasha mkononi. Nikanyanyuka, nikaanza kucheza kuelekea mbele.