Javed Hashmi: mbunge aliyerudisha kiti kila alipohama chama

Septemba 2, 2014, Bunge la Pakistan lilikaa kikao cha pamoja mjini Islamabad. Nje, wafuasi wa chama cha upinzani cha PTI walikuwa wamepiga kambi tangu katikati ya Agosti wakishinikiza Waziri Mkuu Nawaz Sharif ajiuzulu. Javed Hashmi, mbunge wa Multan na rais wa PTI hiyohiyo, akaingia ukumbini, na wabunge wa serikali wakampokea kwa kugonga meza. Siku iliyotangulia alikuwa amewaita waandishi wa habari na kudai kwamba Imran Khan, mwenyekiti wa PTI, aliwaambia viongozi wenzake hawawezi kusonga mbele bila jeshi. PTI ilikanusha. Jeshi nalo likakanusha. Hashmi akatangaza bungeni kwamba anaachia ubunge, na uchaguzi mdogo ulipofanyika Oktoba 16 aligombea tena, akaangushwa na Amir Dogar, mgombea binafsi aliyebebwa na PTI.

Je, huyu ni mtu wa msimamo au kigeugeu? Wanaomshutumu hawakosi hoja. Hashmi, mzaliwa wa 1948, alianza siasa akiwa kiongozi wa wanafunzi Chuo Kikuu cha Punjab, na baada ya Jenerali Zia-ul-Haq kupindua serikali mwaka 1977 alikubali uwaziri mdogo chini ya jenerali huyo. Kwa miaka mingi akawa mtu wa Nawaz Sharif katika chama chake cha PML-N, Desemba 2011 akahamia PTI, na baadaye tena akarudi PML-N. Halafu kuna ile kauli ya 2014. Hakutoa kanda wala waraka. Alitaka aaminiwe kwa neno lake tu, na aliisema katika siku ambayo serikali iliihitaji kuliko siku nyingine yoyote. Mpiga kura wa Multan aliyempa kura Mei 2013 kwa sababu ya PTI alikuwa na haki ya kukasirika.

Lakini upande wa pili una uzito ambao wakosoaji wake huupita haraka mno. Jenerali Pervez Musharraf alipotwaa madaraka Oktoba 1999 na Nawaz kupelekwa uhamishoni Saudi Arabia, wanachama wengi wa PML-N walikimbilia PML-Q, kundi lililomuunga mkono mtawala mpya. Hashmi alibaki na kukaimu uongozi wa chama. Oktoba 2003 aliwasomea waandishi wa habari barua iliyodaiwa kuandikwa na maofisa wa jeshi wakimlaumu Musharraf. Akakamatwa, kesi ikasikilizwa ndani ya gereza la Adiala, Rawalpindi, na Aprili 2004 akahukumiwa vifungo vilivyofikia jumla ya miaka 23. Alikaa ndani mpaka Mahakama ya Juu ilipomwachia kwa dhamana Agosti 2007. Mtu anayefuata maslahi hasomi barua ya namna ile mbele ya watu, tena akiwa mbunge, akijua fika nani ana bunduki. Wapiga kura walimjibu Februari 2008 kwa kumpa viti vitatu kwa mpigo: Multan, Lahore na Rawalpindi, ambako alimbwaga Sheikh Rashid Ahmed, aliyekuwa waziri wa Musharraf. Kwa kuwa sheria inaruhusu kushika kiti kimoja tu, akabaki na Multan.

Kwangu mimi jambo linaloamua ni hili la viti. Mwaka 2011 alipoondoka PML-N aliachia ubunge wake. Mwaka 2014 akafanya hivyo tena, na safari hiyo akarudi kwa wananchi akijua upepo umegeuka. Pakistan imejaa wabunge waliovuka upande huku wakiendelea kukalia viti vyao. Anayehama na kurudisha kiti amempa mpiga kura nafasi ya kumhukumu, na Multan ikamhukumu kweli.

Kwa hiyo sioni kwamba kuhama ndiko kosa lake kubwa. Kubwa zaidi ni lile la 1997. Mwaka huo serikali ya Nawaz, ambayo Hashmi aliitumikia kama waziri wa afya, ilipitisha marekebisho ya 14 ya katiba yaliyoingiza kifungu cha 63A: mbunge anayepiga kura kinyume na maelekezo ya chama anaweza kuvuliwa ubunge. Marekebisho ya 2002, enzi za Musharraf, yalikibana kifungu kwenye kura chache nzito, kama ya kumchagua waziri mkuu, ya imani na ya fedha. Hata hivyo msingi ulishawekwa: mbunge ni mali ya mwenye chama. Katika PML-N mwenye chama ni ukoo wa Sharif, katika PTI ni Imran. Hashmi aligongana na wote wawili, na mara zote mbili mlango uliobaki wazi ulikuwa wa kutokea. Serikali yake mwenyewe ilisaidia kufunga mingine, na hilo mashabiki wake wanapaswa kulikiri bila kupepesa macho.

Kuhusu dai lake la 2014, Imran aliingia madarakani 2018 akajivunia kwamba serikali na jeshi wako ukurasa mmoja, kisha akang'olewa kwa kura ya kutokuwa na imani Aprili 2022 na kumtupia lawama Jenerali Bajwa, mkuu wa jeshi wakati huo. Hayo hayathibitishi kilichosemwa vikaoni 2014. Yanaonyesha tu kwamba suala aliloliibua, la chama cha raia kutafuta nguvu kambini, lilistahili kujadiliwa ndani ya PTI tangu wakati ule, badala ya kuishia kwenye kelele za kumwita msaliti.