Utulivu wa Kaunas Msiniuzie

Jumapili nilikuwa nimebandika ubwabwa jikoni, nikasema ngoja nichungulie kundi letu la historia kwenye WhatsApp wakati maji yanakauka. Nikakuta bwana mmoja, mtu ninayemheshimu kwa mambo mengine, ameweka orodha ya mabaraza ya mawaziri ya Lithuania, ile nchi ndogo ya Baltiki, kuanzia 1918 hadi 1940. Kayapanga vizuri, na namba: 21. Chini yake kaandika, "Nchi inabadilisha serikali kama soksi, ingekosaje kumezwa?" Wakamwagika watu na vikatuni vya kucheka. Mmoja akaongeza kwamba ndiyo maana nchi changa inahitaji mkono wa chuma.

Ubwabwa ulishika chini. Nimekula na harufu yake, kwa hiyo leo mnivumilie.

Kwanza, bwana huyu kahesabu mabaraza lakini hakuangalia tarehe. Katika hayo 21, 13 yaliundwa na kuondoka kati ya tarehe 11 Novemba 1918 na 17 Desemba 1926, yaani miaka minane. Yaliyobaki, manane tu, yalijigawia miaka kumi na tatu na nusu, na ndani ya hiyo kuna mtu mmoja, Juozas Tūbelis, aliyekuwa waziri mkuu miaka minane na nusu bila kung'oka. Sasa niambieni: Lithuania iliyomezwa na Wasovieti Juni 1940 ilikuwa ipi? Ile ya fujo au ile iliyotulia tuli?

Fujo ndiyo iliyoijenga nchi. Baraza la kwanza, la Augustinas Voldemaras, liliundwa siku ileile mizinga ilipokuwa inanyamaza upande wa Ufaransa, na askari wa Kijerumani wakiwa bado wamejaa Vilnius, mji mkuu. Mwezi mmoja na kitu baadaye profesa Voldemaras yuko nje ya nchi, Jeshi Jekundu linakuja, na Mykolas Sleževičius anaunda baraza la pili kesho yake ya Krismasi. Wiki moja tu serikali nzima iko Kaunas, "mji mkuu wa muda". Muda huo ulikuwa miaka ishirini. Baraza la tatu, la Pranas Dovydaitis, lilidumu mwezi mmoja. Mnataka wafanyeje, wakae kwanza waandike mpango wa miaka mitano?

Tena hayo mabaraza 13 yaliongozwa na watu wanane tu. Sleževičius mara tatu. Ernestas Galvanauskas, injinia, mara nne. Baraza likianguka watu wanapanga upya viti, anatoka huyu, anaingia yule, kazi inaendelea. Hesabuni walichoacha: vita tatu za kujihami, mkataba na Moscow wa Julai 1920, kiti katika Shirikisho la Mataifa Septemba 1921 (lilelile lililomkabidhi Mwingereza Tanganyika ailee, kana kwamba tulikuwa yatima), chuo kikuu Kaunas, katiba, sheria ya kugawa mashamba makubwa. Yote kabla 1922 haijaisha.

Na litas, pesa yao. Hapa nitakaa kidogo, maana wanaocheka hawajawahi kuwaza maana yake. Mpaka Septemba 1922 mtu wa Lithuania alikuwa anatumia noti zilizofungwa kwenye mark ya Kijerumani, na mark mnajua wenyewe ilikokuwa inaelekea. Serikali ya Galvanauskas ikaleta litas tarehe 1 Oktoba 1922, kumi kwa dola moja ya Kimarekani, nyuma yake dhahabu. Gavana wa kwanza wa benki kuu, Vladas Jurgutis, alikuwa padri aliyetoka tu kwenye kiti cha waziri wa mambo ya nje. Mwaka uliofuata Ujerumani watu wanabeba noti kwa vikapu, Kaunas noti inakaa mfukoni na thamani yake. Na aliyesimamia ugawaji wa ardhi tangu 1923 akiwa waziri wa kilimo, Mykolas Krupavičius, naye padri. Tucheke basi.

Halafu kulikuwa na kuulizana. Mwishoni mwa 1921 waziri wa mambo ya nje, Juozas Purickis, alijiuzulu kwa kashfa ya magendo ya sakarini, ile ya kutia utamu kwenye chai, iliyokuwa inasafirishwa Urusi kwa mgongo wa ubalozi. Waziri mzima kang'olewa na utamu bandia! Ndiyo "udhaifu wa serikali" mnaousema. Mimi nautamani.

Sasa usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Desemba 1926. Rais Kazys Grinius, daktari wa watu, anatimiza miaka 60. Bunge lao, Seimas, liko kwenye kikao cha usiku, linajadili bajeti ya mwaka unaofuata. Wanaingia askari na kuwatawanya wabunge. Bajeti mezani, namba zikiwa hazijajumlishwa.

Kinachoniudhi zaidi ni adabu iliyofuata. Kila kitu kilitakiwa kifanane na sheria. Sleževičius akajiuzulu, Grinius akamteua Voldemaras, kisha naye akaachia kiti. Siku mbili baadaye Seimas ya watu 85 ikamchagua Antanas Smetona kuwa rais kwa kura 38, upande wa kushoto ukiwa haupo. Tarehe 27, wakati watu wanamalizia keki ya Krismasi, wakomunisti wanne walipigwa risasi. Aprili 1927 Seimas ikavunjwa, na uchaguzi mwingine ukangoja hadi 1936, tena wa mgombea aliyekwisha kuchujwa. Watu wa chama cha Wakristo Demokrasia waliomsaidia Smetona kupanda ngazi walikuwa nje ya baraza ifikapo Mei. Hawa siwaonei huruma hata kidogo.

Voldemaras mwenyewe akatimuliwa 1929, akaletwa Tūbelis. Sifa ya Tūbelis? Mke wake na mke wa Smetona ni ndugu wa tumbo moja. Mwanyumba wa rais. Nchi nzima, na waziri mkuu anapatikana mezani kwa wakwe.

Haya, haki yake nimpe, ingawa mkono mzito. Alikuwa mtaalamu wa kilimo aliyejua siagi inavyotengenezwa, vyama vya ushirika alivipigania, na litas haikuyumba hata pale pauni ya Mwingereza ilipoachana na dhahabu 1931. Ubadhirifu hakuupenda. Lakini bei ya mazao ilipoporomoka na wakulima wa mkoa wa Suvalkija wakagoma 1935, wangemlilia nani? Mbunge wao? Bunge lipi? Majibu waliyopata yalikuwa polisi na mahakama za kijeshi, na hukumu za kifo zikatoka.

Nilikuwa kwenye chama kimoja cha kukopeshana ambacho mwenyekiti alikaa miaka 11. Vikao vyetu vilikuwa vitamu: soda, taarifa inasomwa, makofi, tunaondoka saa tano na nusu. Hakuna aliyenyoosha mkono. Siku kisanduku kilipofunguliwa kulikuwa na risiti nyingi na hela ya nauli. Tangu hapo, nikisikia kikao kimekwisha salama bila maneno, najishika pochi.

Kisha zikaja barua za vitisho. Machi 1938 Poland inatoa saa 48 uhusiano wa kibalozi ufunguliwe, na Vilnius iko mkononi mwake. Ikakubaliwa. Machi 1939 Ribbentrop, waziri wa mambo ya nje wa Hitler, anamwambia mwenzake wa Lithuania, Juozas Urbšys, kwamba bandari ya Klaipėda irudi Ujerumani. Ikakubaliwa. Hapo ndipo ghafla wakakumbuka kuwa kuna wapinzani: baraza la jenerali Jonas Černius likawaingiza watu wa vyama vilivyofungiwa miaka yote ile, akiwamo Leonas Bistras, waziri mkuu wa 1925. Nyumba imeshika moto, ndiyo unamgongea jirani uliyemnunia.

Usiku wa mwisho, 14 kuamkia 15 Juni 1940. Karibu saa sita Moscow, Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Wasovieti, anamkabidhi Urbšys karatasi: majeshi yetu yaingie, serikali mpya iundwe, waziri wa mambo ya ndani Kazys Skučas ashitakiwe, jibu kabla ya saa nne asubuhi. Kaunas wanaitana ikulu usiku huohuo. Smetona anataka angalau risasi chache zipigwe, dunia isikie. Waziri mkuu Antanas Merkys hataki. Mkuu wa jeshi hataki. Wengi wao hawataki. Mtu aliyekaa miaka 13 akiwa juu ya wote, usiku ule mmoja aliohitaji watu wa kusimama naye, hakuwa nao. Kutwa haikuisha akawa njiani kuelekea mpaka wa Ujerumani, akavuka kijito karibu na Kybartai. Merkys akashika nafasi yake, akatia sahihi uteuzi wa mtu wa Wasovieti, na mwezi uliofuata naye akapakiwa kupelekwa Saratov. Skučas waliua 1941.

Najua mtakachosema: hata Seimas ya malaika isingesimamisha vifaru vya Stalin. Kweli. Estonia na Latvia zilikwenda wiki ileile. Sibishani. Ninachobisha ni kuambiwa kosa lilikuwa kubadilisha mabaraza mno, wakati waliokuwa mezani usiku ule hakuna hata mmoja aliyekuwa anawajibika kwa Bunge lililochaguliwa kwa haki.

Na kama hamniamini, rukeni hadi Januari 1991. Uhuru umetangazwa upya tangu Machi 1990, Moscow imekasirika, na wao, katikati ya hatari hiyo, wanagombana kuhusu bei za vyakula. Waziri mkuu Kazimira Prunskienė anajiuzulu. Tarehe 10 anaingia Albertas Šimėnas. Tarehe 13 vifaru viko kwenye mnara wa televisheni Vilnius, watu wanakufa, Šimėnas haonekani, na alfajiri ileile anateuliwa Gediminas Vagnorius. Mawaziri wakuu watatu ndani ya wiki moja, na vifaru mtaani. Hawakumezwa. Urbšys, yule aliyepokea karatasi ya Molotov, alikuwa hai, ana miaka 94, anaishi Kaunas.

Yote haya niliyaandika kundini kwanza, kabla ya kuyaleta hapa. Bwana orodha amejibu asubuhi: "Ndefu mno, dada. Fupisha."