Mhanga wa Kwenye Picha Ni Mimi

Kwa kuwa shosti wangu ameshairusha ile picha ya mhanga wa mafuriko kwenye magrupu yote, la ukoo likiwemo, acheni niseme mwenyewe. Ndiyo, yule mwenye khanga za kuazima anayepokea ndoo kwa mikono miwili ni mimi. Na hapana, sijawahi kuishi Rufiji.

Hali ya kule mnaijua. Mvua tangu Oktoba 2023, Aprili 2024 mto ukatapika, kijiji cha Muhoro kikageuka ziwa. Kikoba chetu tukachangishana unga, maharage na sabuni, tukashuka na Fuso: Kibiti, Ikwiriri, Daraja la Mkapa, kisha mitumbwi. Mimi na gambuti mpya, fulana imeandikwa kifuani TUPO, chini yake PAMOJA. Picha za kuondokea msizitafute, nimefuta.

Mtumbwi unakaribia nchi kavu. Bibi mmoja aliyekuja kutupokea akaniita, "Mjukuu wangu, vua hivyo viatu." Nikamjibu, "Bibi, hivi ndivyo vya maji." Mwenye upondo naye akasema subiri. Nani asubiri? Nikajitwisha kiroba cha unga, nikainua mguu wa kulia, nikakanyaga ukingo.

Kumbe ule si ukingo. Mguu ukazama. Nikaleta wa kushoto umsaidie mwenzake, nao ukamfuata. Nimesimama wima, kiroba kichwani, nashuka taratibu kama lifti. Magoti. Mapaja. Kiuno. Watu wote kimya. Mtoto mmoja akauliza, "Huyo anafanya nini?" (Wallahi hata mimi nilitaka kujua.) Tope likaimeza PAMOJA, ikabaki TUPO.

Walioniopoa ni wahanga wenyewe. Unga ulipona, gambuti ziko huko huko. Bibi, ambaye mpunga wake wote uko chini ya maji, akanipeleka nyuma ya turubai, akanivua, akanifunga khanga zake, akanikalisha mkekani.

Ndipo likafika boti la msafara mwingine, wakubwa na kamera zao. Watu wote wale, mkubwa akaja kwangu moja kwa moja.

"Pole sana mama. Nyumba yako ilikuwa wapi?"

Meno yananigongana. "Mbagala."

Akanitazama. Akawageukia wenzake, akashusha sauti: "Amechanganyikiwa. Mwongezeeni na godoro."

Nikatikisa kichwa kukataa, wakadhani ndiyo kilio kinaanza. Mama mmoja wa msafara akanikumbatia, tope na vyote. Nikachungulia begani kwake, namwona shosti wangu, anayenijua tangu shule ya msingi, ameinua simu anarekodi. Nyie mnaomwita rafiki mwema, hebu tuulizane vizuri.

Ndoo na godoro nikamwachia bibi, tukaondoka. Usiku picha ikasambaa. Mama kanipigia kutoka Tanga analia, katuma elfu ishirini ya nauli nirudi nyumbani. Kazini wamepitisha daftari la mchango. Leo alfajiri mama mwenye nyumba kagonga mlango, kaniangalia juu mpaka chini, kauliza kama na kodi nayo imesombwa.