Fred Perry, meza na mazoezi ya Arsenal

Kijana akianza kung'ara katika mpira wa meza huku bado anacheza kandanda, hushauriwa achague mchezo mmoja. Wanaoshauri hivyo wana hoja. Fred Perry wa Uingereza alitwaa ubingwa wa dunia Budapest mwaka 1929 kwa kumshinda Miklós Szabados katika fainali, kisha akahamia tenisi. Victor Barna wa Hungaria hakuiacha meza, naye akachukua mataji matano ya mchezaji mmoja mmoja kati ya 1930 na 1935.

Hesabu hiyo ya moja kwa matano hurudiwa mno, nayo inapotosha, kwa sababu inamkatia Perry hadithi katikati. Alishinda mashindano ya tenisi ya Wimbledon mara tatu mfululizo, 1934 hadi 1936, kwa mpigo wa mbele aliojifunza mezani: kuuwahi mpira ungali unapanda baada ya kudunda, na kuumalizia kwa kifundo cha mkono. Pumzi aliifuata kwa wanakandanda, akifanya mazoezi na Arsenal.

Kandanda humpa mchezaji wa meza kitu ambacho raketi peke yake haimpi: kusimama ghafla, kujisukuma kwa mguu wa nje na kurudi. Meza ina upana wa mita 1.525 tu, lakini mchezaji wa mkono wa kulia anayeuzungukia mpira wa kushoto ili aupige kwa mkono wa mbele hutoka nje kabisa ya ukingo, na mpira unaofuata humkuta huko. Hapo ndipo miguu huamua pointi.

Madhara yapo, tena ya kweli. Mwanakandanda huzoea kukimbia mbele akiwa wima. Mezani anatakiwa apige hatua fupi za kando, magoti yamekunjwa, uzito mbele ya nyayo. Misuli ya nyuma ya paja ikiuma baada ya dakika 90, siku ya pili mchezaji huchelewa kuufikia mpira, akanyoosha mkono bila kuzungusha kiuno. Mpira unaishia wavuni na bega linaumia. Kuangukia mkono wa raketi ni hatari kubwa zaidi, kwa hiyo asidake golini kamwe.

Mechi kamili mkesha wa mashindano ya meza ziachwe. Mazoezi ya kandanda ya kasi na ya kubadili upande yabaki, kwa vipindi vifupi. Perry hakuichezea Arsenal ligi. Alichukua mazoezi yake tu.